Nyumba Kumi Zilizosema Mbaya

Kata ya Kwamsele ilikuwa na ustawi wa tisini na saba kwa mia, na ustawi huo ndio uliokuwa ukiimaliza.

Ulianza kwa kumwondoa muuguzi. Haikuwa dhambi ya mtu yeyote. Mfumo wa Mkono Mmoja, ambao uliziunganisha zahanati, maji, shule, polisi na ustawi wa jamii zikawa kama vidole vya kiganja kimoja, ulifuata kanuni ambayo hata mtoto wa chekechea angeikubali: mwenye shida apewe kwanza. Kata iliyoshuka chini ya sitini ililetewa kila kitu. Kata iliyopanda juu ya tisini ilipewa cheti, ikapigiwa makofi, kisha ikanyang'anywa kwa adabu. Kwamsele ilipata cheti mwezi wa pili. Mwezi wa tatu muuguzi akahamishiwa bondeni, Ngofi. Mwezi wa nne maji yakawa ya Jumanne tu. Mwezi wa tano mvua ikachukua daraja la magari, na daraja likaandikwa mwisho wa orodha, kwa kuwa hakuna aliyelalamika.

Hakuna aliyelalamika kwa sababu watu wa Kwamsele walikuwa wamelelewa.

"Shikamoo, Bibi Namkunda," kilisema kisanduku kilichobandikwa ukutani, kando ya mlango wa mbele.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za kuamka?"

"Nzuri," alisema Bibi Namkunda, huku ameikumbatia nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili, maana mguu wa kushoto ulikuwa haukanyagiki. "Nzuri tu, ila huu mguu wangu, mwanangu, tangu juzi..."

"Ahsante. Uwe na siku njema." Taa ya kijani ikawaka, ikazimika.

Kisanduku kiliitwa Hodi. Kilikuwa na ukubwa wa mche wa sabuni uliotumika nusu, na kila nyumba ilikuwa nacho. Kila asubuhi, mwenye nyumba wa kwanza kusimama mbele yake aliamkiwa kwa heshima zote, na jibu lake lilikwenda mjini na kugeuzwa kuwa alama. Hodi ilipewa sekunde nne za kusikiliza. Waliouunda mfumo walifanya utafiti wa miaka mitatu, wakagundua kwamba mtu mwenye shida huitaja ndani ya sekunde mbili. Utafiti huo haukufanyika Kwamsele. Kwamsele mtu huulizwa habari, husema nzuri, hukaribishwa kiti, huulizwa habari za mifugo, husema nzuri, hupewa chai, na anapomaliza kikombe cha pili ndipo husema kwamba amekuja kuomba sanda.

Nakijwa aliyaona hayo yote akiwa amechuchumaa na beseni la maji ya chumvi. Alikuwa na miaka kumi na sita, mjukuu pekee wa Bibi Namkunda, na mwezi huo alikuwa nyumbani kwa sababu ya msiba mkubwa uliolikumba bweni lake. Inapasa uelezwe kwa unyenyekevu. Nakijwa alikuwa na kipaji cha kuiga sauti, na siku moja kipaza sauti cha shule kiliachwa wazi, na Mkuu wa Shule akasikika akitangaza kwamba maharage yamepigwa marufuku shuleni kwa heshima ya mapafu ya walimu. Wapishi walitii kwa siku tatu. Mkuu wa Shule mwenyewe alitii kwa siku mbili, akidhani amesahau. Nakijwa alisimamishwa masomo kwa muhula mzima.

"Bibi," alisema, "mbona huiambii mbaya?"

"Nimwambie nani?"

"Hodi."

"Mtu amekuamkia, hajakaa, hajapewa hata maji ya kunywa, umpakulie mbaya? Huko bweni ndiko mlikofundishwa?"

"Siyo mtu, bibi."

"Ameniamkia shikamoo. Wewe leo umeniamkia?"

Nakijwa hakuwa amemwamkia. Alikifungua kitambaa cha mguu. Kidonda kilichoanza kwa mwiba, ukubwa wa punje ya mtama, sasa kilikuwa kama kiganja cha mtoto, na kingo zake zilikuwa za kijivu. Bibi alikuwa na kisukari. Dawa zake zilikuwa zikiletwa na muuguzi, na muuguzi alikuwa Ngofi, kilomita kumi na nne, na hakuruhusiwa kuvuka mpaka wa kata pasipo agizo la Mkono Mmoja.

"Na nikisema mbaya," aliongeza Bibi Namkunda, akiangalia pembeni, "watanipeleka kule. Mimi nife nikiangalia ukuta uliopakwa rangi ya samawati? Acha."

Kule ni Nyumba ya Faraja, mjini. Mama Nasero alipelekwa mwaka juzi baada ya kusema mbaya mara moja tu, tena kwa sababu ya jino. Tangu hapo kila mwezi ilikuja picha yake akitabasamu, amevaa sweta ya mtu mwingine.

*

Kanuni yenyewe Nakijwa aliijua kwa moyo, maana ilitoka kwenye mtihani wa Uraia wa kidato cha pili. Nyumba moja ikisema mbaya, shida ni ya mtu, na mtu huhamishwa aifuate huduma. Nyumba kumi za balozi mmoja zikisema mbaya siku moja, shida ni ya mahali, na huduma huhamishwa ziwafuate watu. Alipata alama kumi kwa kumi kwa jibu hilo, na hakulifikiria tena mpaka aliposikia harufu ya kile kitambaa.

Kulikuwa na kikwazo cha kiufundi. Hodi ilimtambua mtu kwa vipimo thelathini vya sauti, na Nakijwa, kwa kipaji chake chote, aliweza kufikia ishirini na saba. Lakini ulikuwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba ukungu hulala juu ya Kwamsele hadi mchana, watu wote huwa na mafua, na mfumo ulikuwa umechoka kuwakataa wenye nyumba kwenye milango yao wenyewe, ukashusha kiwango hadi ishirini na tano. Kikohozi kimoja kabla ya jibu kilitosha kuziba pengo.

Siku nzima alibishana na nafsi yake. Kuiga sauti ya Mkuu wa Shule ni jambo moja, kwani Mkuu wa Shule alipoteza maharage tu. Kumtilia mtu maneno mdomoni kuhusu hali ya nyumba yake ni jambo jingine. Majirani tisa walikuwa wazima, kwa kadiri alivyojua. Angewafanya waongo kwa ajili ya mguu mmoja. Upande mwingine, uongo wa nzuri tayari walikuwa wanausema wenyewe kila siku, na hakuna aliyewasimamisha masomo.

Asubuhi ya pili, saa kumi na moja na nusu, Hodi zilipoanza kusikiliza, Nakijwa alikuwa ameshasimama kwenye kibaraza cha kwanza, peku, amejitanda kanga ya bibi yake.

"Shikamoo, Mzee Elifasi Kiure. Habari za kuamka?"

Mzee Kiure alikuwa na sauti kama bawaba ya mlango wa ghala. Nakijwa alikohoa. "Mbaya," akasema.

Taa ikawaka nyekundu. Hakuwahi kuiona taa nyekundu. Akamwomba Mzee Kiure msamaha kimoyomoyo, kwa kuwa katika watu wote wa Kwamsele, Mzee Kiure ndiye ambaye hakuwa na shida hata ya mba. Kila siku alipita njiani akiimba, akisalimia hadi mbuzi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya katekista, mtu aliyeomba chumvi kama anayesoma somo la kwanza. "Mbaya," alisema Nakijwa kwa uzito wa kanisa. Ya tatu ilikuwa ya mjane aliyezungumza kwa kuvuta pumzi. Ya nne, ya tano. Kwenye nyumba ya sita aligundua kwamba anafurahi, na kwenye ya saba akaona aibu kwa kufurahi, na ya nane akaifanya haraka. Ya kumi ilikuwa yao. Aliipiga sauti ya bibi yake ile ya asubuhi, ya mtu anayeshikilia nguzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, maana haikuhitaji kuigizwa sana. Alikuwa ameisikia usiku kucha kupitia ukutani.

Saa mbili Bibi Namkunda alitoka, akasimama mbele ya kisanduku, akangoja aamkiwe. Kikakaa kimya.

"Leo amenuna," alisema Bibi.

*

Walikuja saa tano, watano kwa miguu kutoka kwenye daraja lililovunjika, wamevaa vizibao vya rangi moja. Mmoja wa afya, mmoja wa maji, mmoja wa shule, mmoja wa ustawi wa jamii na polisi mmoja aliyebeba mwavuli. Kiongozi wao, yule wa afya, alikuwa Bi Joha Mashasi, Afisa Mratibu, mama mnene mwenye sauti ya upole na viatu vilivyojaa tope.

Nakijwa aliwafuata nyumba kwa nyumba kwa mbali. Aliona kila kitu. Akatamani asingeona.

"Hodi hapa," alibisha Bi Mashasi.

"Karibuni, karibuni." Huyo ni Mzee Kiure, akitoka na kuurudisha mlango nyuma yake.

"Habari za hapa, mzee?"

"Njema kabisa. Za huko mtokako?"

"Njema. Tumesikia asubuhi mlisema hamko vizuri."

"Sisi? Hatujambo. Pengine mashine imepata baridi. Kaeni basi, kuna viazi."

Kwa katekista walipewa maparachichi. Kwa mjane walipewa tangawizi, na alipoulizwa kama ana lolote la kusema alisema anamshukuru Mungu. Afisa wa maji alijaribu kuuliza kwa namna nyingine: je, maji yanatosha? Mjane akasema yanatosha, hata akaosha vikombe mbele yao kwa maji ya siku tatu ili wasijisikie vibaya. Kote walisema nzuri, na kila nzuri iliandikwa, ikatiwa saini na idara tano.

Bibi Namkunda aliwapokea amekaa. Alikuwa ameufunika mguu kwa kanga mbili na kuchoma ubani.

"Mnisamehe siinuki," alisema. "Uvivu wa uzee. Nakijwa, lete chai."

"Habari za mwili, bibi?" aliuliza Bi Mashasi.

"Nzuri."

Bi Mashasi alikunywa kikombe kimoja. Alipotaka kumiminiwa cha pili alikiwekea mkono juu, akashukuru, akasimama. Bibi alikitazama kile kikombe kitupu kama mtu aliyeachwa kituoni.

*

"Nyumba kumi kwa dakika ishirini na sita," alisema Bi Mashasi, katika ofisi ya kata, baada ya kuwaambia wenzake wamtangulie na kubaki na Nakijwa peke yao. "Na zote zilikohoa mahali pamoja. Una sauti nzuri, mwanangu. Kanisani wanakuimbisha?"

"Hapana, mama. Walinitoa kwaya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naimba sauti ya mwalimu."

Bi Mashasi alikaribia kucheka, kisha akaacha. Aliiweka karatasi mezani.

"Sikiliza vizuri, maana nitasema mara moja. Kuna majibu kumi ya mbaya, na kuna watu kumi wanaokana kwamba walisema. Nikiyaacha hivyo, mfumo utayasoma kwa namna moja tu: wazee wasiojua hali zao. Wote waliozidi miaka sitini na tano watapelekwa Nyumba ya Faraja. Hapa kwenu ni karibu wote. Ukitia saini kwamba ni wewe, majibu yanafutwa, hakuna anayehamishwa."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi gani? Kata ina tisini na saba." Alijikuna kiganja. "Tena itafungwa hapo hapo kwenye tisini na saba kwa siku tisini, Hodi zijifunze sauti upya. Katika siku hizo lolote litakalosemwa halitahesabiwa. Zuri wala baya."

Nakijwa aliishika kalamu. Alikuwa ameshatia saini barua za kukiri makosa zisizopungua kumi na moja maishani mwake, na kwa kawaida aliongeza ua dogo chini ya jina.

"Kuna jingine," alisema Bi Mashasi, akishusha sauti ingawa hawakuwa na mtu. "Kwa bibi yako nimesikia harufu. Ubani hauifichi, mimi nilianzia wodini. Sijaandika."

Nakijwa aliishusha kalamu mezani.

"Nikiandika, tisa zinakuwa uongo na moja kweli. Nyumba moja. Watu wa machela watakuja leo saa nane. Nisipoandika, sikusikia kitu. Nakuuliza wewe, kwa sababu yeye nimeshamuuliza akanipa chai."

"Wakipelekwa kule, wanarudi?"

"Picha zinarudi."

"Mguu utapona?"

"Huenda wataukata. Huenda atapona. Mimi nafikisha watu mlangoni tu, siingii ndani."

Nje, ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Nakijwa alimfikiria bibi yake kwenye chumba cha samawati, akiamkiwa kila asubuhi na kisanduku, akijibu nzuri, akijibu nzuri. Alifikiria pia kwamba alikuwa na miaka kumi na sita, na kwamba mtu mzima mwenye kizibao alikuwa amemtwisha mzigo huu kisha akakaa anasubiri, kwa upole, kama anayesubiri chenji.

"Usiandike," alisema.

Bi Mashasi aliinamisha kichwa. Nakijwa alitia saini kwamba nyumba zote kumi zilikuwa uongo wake. Hakuchora ua.

*

Bibi Namkunda hakuambiwa. Kwa siku kumi na tisa aliendelea kumjibu Hodi nzuri, na Hodi ikaendelea kuwasha taa ya kijani, na hakuna kilichokwenda popote. Nakijwa alichemsha majani, alichemsha chumvi, alitembea hadi Ngofi kumwomba muuguzi vidonge. Muuguzi alilia, akampa bandeji alizokuwa amezinunua mwenyewe, akamwambia kabati la dawa halifunguki bila mgonjwa mwenyewe kuliwekea kiganja chake. Bibi hakutaka kusikia habari za kubebwa hadi Ngofi. Kidole cha kwanza kiligeuka cheusi. Kikafuata cha pili.

Asubuhi ya ishirini Bibi alijiburuta hadi mlangoni kwa makalio.

"Shikamoo, Bibi Namkunda. Habari za kuamka?"

Zilipita sekunde mbili kati ya zile nne. Nakijwa, nyuma yake, aliona mabega yakipanda kama ya mtu anayetaka kuruka mto.

"Mbaya," alisema Bibi Namkunda. Alikuwa na miaka sabini na minane, na hilo neno hakuwa amewahi kumpa mgeni. "Nimeumia, mwanangu. Waambie waje. Hata kule nitakwenda."

Taa ya kijani ikawaka, ikazimika.

Bibi alingoja. Kisha akageuka polepole. "Amesikia?"

"Hajasikia, bibi."

"Nimesema wazi."

"Umesema wazi. Ni mimi." Ndipo Nakijwa akamweleza yote, kuanzia kikohozi cha kwanza hadi saini, na hata swali la Bi Mashasi na jibu alilompa. Hakuiga sauti ya mtu yeyote. Bibi alisikiliza huku akiutazama mguu wake kana kwamba ni wa jirani.

"Ulinichagulia nilichokuwa nakisema kila siku," alisema mwishowe. "Siwezi kukupiga. Lete toroli."

*

Waliteremka kwa njia ya miguu, Bibi amekalia blanketi ndani ya toroli la mbolea, mguu umelazwa juu ya mto. Toroli lilikuwa na gurudumu moja lililolegea. Mbele kulikuwa na kilomita kumi na nne, mto wa kuvuka juu ya magogo, na kabati ambalo lingefunguka kwa kiganja chake, kama angefika akiwa na kiganja chenye joto.

Mzee Kiure alikuwa kibarazani kwake, anapiga mswaki.

"Shikamoo, babu," alisema Nakijwa.

"Marahaba, mwanangu. Dada Namkunda, habari za asubuhi?"

"Mbaya, Kiure."

Mzee Kiure aliutoa mswaki mdomoni. Povu lilimteremka kidevuni, asilipanguse. Pole ilikuwa neno dogo mno kwa lile lililokuwa ndani ya toroli, na hakulisema.

"Mke wangu haoni," alisema.

"Haoni nini?"

"Haoni, dada. Tangu Pasaka. Nikitoka namfungia kwa nje, asije akaangukia mafiga. Naimba nikienda, ajue nilipofika."

Bibi Namkunda alijaribu kujiinua, akashindwa. "Kiure. Kila siku ya Mungu mimi nakusalimu."

"Ulinisalimu. Uliniuliza habari, nami nikakujibu."

"Na mimi nikapita."

"Ukapita. Na mimi nilikusikia ukichechemea, nikapita." Alikunja shingo kuelekea mlango uliofungwa. "Ningewasukumia hadi mtoni, lakini siwezi kumwacha."

"Rudi ndani," alisema Bibi.

Nakijwa alikuwa ameshika mikono ya toroli, na toroli lilikuwa zito kuliko dakika moja iliyopita. Karatasi ya ofisi ya kata ilisema nyumba kumi, uongo. Mbili zilikuwa kweli. Alisukuma. Gurudumu lilikwama kwenye jiwe, likakwamuka. Mbele yao mlango wa katekista ulifunguliwa, na katekista akatoka na joho lake la nyumbani, tabasamu likiwa tayari, mkono umeshainuliwa kusalimia. Nyuma yake, ndani, mtu alikuwa akikohoa kikohozi kirefu, cha majimaji.

Nakijwa alimwomba Mungu, naye si mwombaji, kwamba huyu aseme nzuri na iwe kweli. Kwamba yeye Nakijwa awe ni mwongo, angalau kwa nyumba nane zilizobaki.